Mbolea ya ruzuku: maliza kazi kwa chifu kabla ya kwenda stoo

Mkulima wa Trans Nzoia, Kenya, akifika stoo ya NCPB (bodi ya nafaka) Kitale kuchukua mbolea ya ruzuku halafu arudi mikono mitupu, mara nyingi kosa lilitokea miezi mingi nyuma, siku alipoandikishwa. Mfumo wa usajili, KIAMIS, humjua kwa namba ya kitambulisho, namba ya simu na ekari alizotaja. Vocha ya kununulia mbolea huja kwa ujumbe kwenye simu hiyo, na magunia hufuata ekari hizo. Anayegawa mbolea hawezi kukuongezea gunia kwa sababu umemweleza vizuri.

Kwa hiyo nenda kwa naibu wa chifu Januari, kabla watu hawajaanza kukimbizana na mvua ya Machi. Beba kitambulisho chenyewe. Toa laini iliyosajiliwa kwa jina lako na ambayo iko mfukoni mwako. Ukiandikisha simu ya kijana aliye Nairobi, vocha itafika Nairobi. Ukipoteza laini au kuibadilisha, rudi irekebishwe, hata kama msimu bado.

Ekari ndizo huwaumiza wengi. Wapo wanaotaja nusu ekari wakiogopa kodi, kisha wakati wa kupanda wanahitaji magunia manne. Pima kabla ya kwenda: hatua 70 ndefu kwa hatua 70 ni kama ekari moja, na ploti ya futi 50 kwa 100 haifiki hata sehemu ya nane ya ekari. Shamba la kukodi litaje pia. Anayeandika akimaliza, mwombe akusomee namba zote tatu, nawe ufuatishe kwa kidole kwenye kitambulisho chako. Tarakimu moja ikikosewa, msimu mzima unaweza kupotea.

Ujumbe ukifika, hesabu pesa. Tangu 2023 gunia la kilo 50 limekuwa shilingi 2,500. Mahindi ya ekari mbili, kwa gunia moja la kupandia na moja la kuongezea kila ekari, ni magunia manne: shilingi 10,000, bila nauli. Weka pesa kwenye simu mapema, na uache za ada inayokatwa ukilipa.

Kabla ya kukodi gari, uliza stoo ina mbolea gani leo. Usiridhike na jibu la “ipo”. Gunia la DAP, mbolea ya kupandia ya 18:46:0, lina kilo 23 za fosfeti (namba ya katikati ndiyo asilimia yake), ilhali la NPK 23:23:0, nayo ya kupandia, lina kilo 11 na nusu. Wakikwambia iliyobaki ni NPK, jua kwamba gunia moja halitafanya kazi ya gunia moja la DAP kwenye mizizi ya mahindi machanga. Amua ukiwa bado nyumbani kama utasubiri au utachukua, kwa sababu ukiwa kwenye foleni na gari linakungoja utachukua chochote.

Ukipewa magunia, kagua kabla hayajapakiwa. Tazama mshono wa mdomoni: ukiona mstari wa pili wa matundu ya sindano yasiyo na uzi, gunia lilifunguliwa likashonwa tena. Litenge, uombe lipimwe kwenye mizani hapo hapo. Lililolowa na kugandamana lirudishe pia, maana mabonge hayagawanyiki sawa kwenye mashimo. Ujumbe wa vocha na risiti usivifute mpaka uwe umechukua na CAN, mbolea ya kuongezea mahindi yakifika magotini.