Jinsi ya kuflashi BIOS yenye draiva ya NVMe kwenye bodi za H61, B75 na ndugu zake

Wakuu, hizi desktop za kizazi cha 2 na cha 3 bado zimejaa madukani, zile used za kutoka Ulaya na Dubai, i5-2400, i5-3470 na wenzake, prosesa bado ina nguvu kabisa ila diski ndiyo inaua mashine. Ukiwa na bodi ya H61 ndo hali mbaya zaidi maana chipseti ile imepewa SATA ya 3Gb/s tu, port zote, hata uweke SSD nzuri kiasi gani inaishia 270 au 280 MB kwa sekunde hapo. B75 angalau ina port moja ya 6Gb/s. Sasa watu wananunua NVMe, yaani SSD inayopita njia ya PCIe badala ya SATA, na adapta ya kuchomeka kwenye slot ya PCIe, wanafika home, Windows inaiona diski vizuri kama diski ya pili lakini kuwasha kutoka humo haikubali. Diski haina shida yoyote, ni BIOS (programu ya kwenye bodi inayowasha mashine) ya 2011 au 2012 haina draiva ya NVMe ndani yake kwa hiyo wakati wa kuwaka haijui hicho kitu ni nini. Dawa ni kuiongezea hiyo draiva na kuirudisha kwenye chipu, na ndo nitaelezea hapa, ila naomba sana usome sehemu ya nakala (backup ya BIOS ya asili) yote usiruke, hiyo ndiyo itakayookoa bodi yako.

Kwanza hakikisha bodi yako inafaa. Lazima iwe na UEFI, yaani BIOS ya kisasa. Zile G31 na G41 za DDR2 na DDR3 za mwanzo ni BIOS ya kizamani, hii njia haiwahusu. Kinachofaa ni chipseti za Intel za mfululizo wa 6, 7 na 8, yaani H61, P67, Z68, B75, H77, Z77, Q77, H81, B85, Z87, na nyingi zinatumia UEFI ya kampuni ya AMI. Kama una Z97 au H97 usihangaike, angalia kwanza toleo la mwisho la BIOS kwenye tovuti ya mtengenezaji maana nyingi zilishaongezewa NVMe na mtengenezaji mwenyewe. Na hata kwa hizo za zamani, anza kwa kuweka BIOS rasmi ya mwisho ndo uendelee. Desktop za brand za ofisini zina ulinzi mwingi wa saini, hizo mimi siku hizi nawashauri watu watumie flashi ndogo yenye Clover, programu ya kuanzishia mashine, inaacha BIOS kama ilivyo, flashi inakaa nyuma ya mashine, inapakia draiva ya NVMe halafu inaita Windows, mtumiaji hata hajui kama ipo.

Vifaa: programa ya CH341A (kifaa cha USB cha kusoma na kuandika chipu), klipu ya SOIC8 ya kubana miguu minane ya chipu kama chipu imechomelewa kwenye bodi, na laptop yenye betri inayokaa chaji. Laptop nasisitiza, maana umeme ukikatika ukiwa katikati ya kuandika chipu unaanza upya. Zile CH341A nyeusi za bei chee zina tatizo linalojulikana, waya wa umeme unatoa 3.3V sawa ila waya za data zinapanda mpaka 5V, chipu nyingi zinavumilia lakini kama unaweza kupata ile yenye swichi ya volti chukua hiyo. Na soma maandishi juu ya chipu. Bodi hizi karibu zote zina chipu za 3.3V kama W25Q32 yenye 4MB au W25Q64 yenye 8MB, sasa ukikuta chipu ya 1.8V usiichomeke hivi hivi utaiunguza, inahitaji adapta yake.

Bodi nyingi za enzi hizo zina raha moja, chipu ya BIOS ni ya miguu minane iliyokaa kwenye soketi, haijachomelewa. Chomoa kebo ya umeme ukutani, toa betri ya CMOS, bonyeza batani ya kuwashia mara mbili tatu umeme uliobaki uishe. Halafu piga picha ya chipu ilivyokaa kabla hujaigusa, angalia kijitundu kidogo kwenye kona au kibonyeo upande mmoja, hapo ndo mguu namba 1. Bisibisi nyembamba, inua upande huu kidogo, hamia upande ule kidogo, rudi tena, taratibu. Ukiinua upande mmoja kwa nguvu chipu inabinuka na miguu ya upande wa pili inapinda, na miguu ile ikipinda mara mbili inakatika. Kwa klipu, waya mwekundu ndo mguu namba 1.

Sasa kusoma. Kwenye Linux, kwa programu ya flashrom:

flashrom -p ch341a_spi -r nakala1.bin
flashrom -p ch341a_spi -r nakala2.bin

Kwenye Windows tumia AsProgrammer, inafanya kazi ile ile. Soma mara mbili, na kama unatumia klipu itoe uirudishe ndo usome mara ya pili. Baada ya hapo linganisha hashi, yaani alama ya utambulisho wa faili, sha256sum kwa Linux au certutil -hashfile nakala1.bin SHA256 kwa Windows, namba zote lazima zifanane herufi kwa herufi. Zikitofautiana hata kidogo klipu haijakaa vizuri, usiendelee. Saizi nayo, chipu ya 8MB lazima ikupe baiti 8,388,608 kamili, ya 4MB ni 4,194,304. Halafu fungua hiyo faili kwenye UEFITool, programu ya kufungulia faili za BIOS, juu kabisa uone "Intel image" na chini yake maeneo ya Descriptor, ME na BIOS, na kama bodi ina LAN ya Intel utaona pia GbE, eneo la LAN hiyo. Ukiona imejaa FF tupu ujue hujasoma chochote. Nakala hiyo weka sehemu tatu, laptop, flashi na jitumie kwenye email, na jina la faili liwe na modeli ya bodi na tarehe.

Kwa nini napiga kelele hivi kuhusu nakala, kuna kazi niliwahi kufanya ya mashine tatu za intaneti kafe, modeli moja, bodi moja, LAN ya Intel. Nikasoma chipu ya mashine ya kwanza, nikaongeza draiva, ikawaka safi, basi nikaona mbili zilizobaki nisipoteze muda, nikaandika faili ile ile moja kwa moja bila hata kusoma zilichokuwa nazo. Zikawaka zote, nikalipwa nikaondoka. Kesho yake mwenye kafe anapiga simu, mashine zinakatana intaneti, hii ikipata ile inapoteza. Nimebadilisha kebo, nimebadilisha swichi, nimeweka Windows upya kwenye moja, jioni ndo nikapiga ipconfig /all kwenye zote nikaona MAC (anwani ya kadi ya mtandao) ni ile ile kwenye mashine tatu. MAC ya LAN ya Intel inakaa ndani ya chipu ya BIOS, kwenye eneo la GbE, baiti 6 za mwanzo kabisa, na mimi nilikuwa nimezifuta za mashine mbili kwa mkono wangu. Bahati kila bodi ilikuwa na stika yenye MAC yake ya asili. Ikabidi niandike baiti hizo upya kwa hex editor, na si mara moja, GbE ina nakala mbili za 4KB kila moja, na kila nakala ina hesabu yake ya kuhakiki ambayo maneno ya mwanzo yote yakijumlishwa lazima yatoe 0xBABA, usipoirekebisha LAN inakataa. Usiku mzima huo kwa kazi ya dakika tano za kusoma chipu. Kwa hiyo hata kama bodi ni mapacha, BIOS ya kila bodi tengeneza kutoka kwenye nakala ya bodi hiyo hiyo, serial namba ya mashine na UUID (namba ya utambulisho wake) navyo mara nyingi vinakaa humo humo.

Kazi ya kuongeza draiva yenyewe ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Tafuta faili ya NvmExpressDxE_4.ffs, hii ndo inayotumika sana, na UEFITool toleo la 0.25 au 0.28, sio yale mapya ya NE maana yale ni ya kuangalia tu hayahariri. Fungua nakala yako, bonyeza Ctrl+F, chagua Text, kwanza tafuta "nvme", kama imo tayari basi tatizo lako ni mpangilio tu sio draiva. Kama haimo tafuta "CSMCORE", bonyeza mara mbili jibu linalotoka, itakupeleka kwenye volyumu yenye draiva za DXE zote, zile zinazopakiwa wakati wa kuwaka. Shuka mpaka draiva ya mwisho kabisa kwenye volyumu hiyo, ile iliyo juu tu ya nafasi tupu, right click, "Insert after", chagua ile ffs. Ikikwambia nafasi haitoshi jaribu ile yenye jina la Small, imepunguzwa. Save kwa jina jingine.

Kabla hujaandika, fungua ya asili na iliyobadilishwa kwenye madirisha mawili pembeni kwa pembeni ulinganishe. Saizi iwe ile ile, na uangalie vile vinavyoitwa Pad-file, kama kwenye ya asili kipo na kwenye mpya kimepotea au kimeongezeka basi usiandike hiyo, kwenye baadhi ya bodi UEFITool inavuruga hapo na bodi haiwaki. Hapo rudi ufanye kazi kwa MMTool 4.50.0.23, programu nyingine ya kuhariri BIOS, ndo inayokubaliana na UEFI ya AMI inayoitwa Aptio IV iliyoko kwenye mfululizo wa 6 na 7.

Kuandika:

flashrom -p ch341a_spi -w mpya.bin

Inachukua dakika kadhaa, usiguse kebo, mwisho subiri neno VERIFIED. Hilo neno ndo ruhusa ya kutoa chipu. Kwa wale wanaouliza kwa nini usitumie tu ile zana ya kuflashi iliyomo ndani ya BIOS, nyingi zitakataa, zitasema faili sio sahihi au uhakiki umeshindikana kwa sababu saini imevunjika. Kwenye ASUS zenye USB BIOS Flashback inawezekana, unaweka faili la CAP kwenye flashi kwa jina linalotajwa kwenye manual ya bodi. Kuna pia Intel FPT, zana ya kusoma na kuandika BIOS ukiwa ndani ya Windows, fptw64 -bios -d ya kusoma na fptw64 -bios -f ya kuandika, ila ikikupa Error 28 au 280 ujue BIOS imejifunga, usilazimishe. Mimi programa ndo naiamini maana hata ikiharibika bado una njia ya kurudi.

Rudisha chipu kijitundu kikitazama ulikopiga picha, rudisha betri, washa. Mara ya kwanza inaweza kujizima na kujiwasha yenyewe mara moja mbili, tulia. Ingia BIOS, load defaults, halafu kwenye CSM (sehemu inayoruhusu vitu vya BIOS ya kizamani) sehemu ya storage weka UEFI. Hapa kuna mtego, usizime CSM yote kama una kadi ya video ya zamani kama GT 210, kadi hizo hazina UEFI ndani yake, ukizima CSM skrini inabaki nyeusi na utadhani umeua bodi. Ikikutokea clear CMOS, yaani futa mipangilio ya BIOS, irudi.

Adapta weka kwenye slot ya x16 kama unatumia video ya kwenye prosesa, au x4 kama ipo. x1 ya PCIe 2.0 nayo inatoa karibu 400 MB kwa sekunde, bado inaipita SATA ya H61. Ila diski iwe NVMe kweli, zile M.2 za SATA zinaingia kwenye adapta vizuri tu na haziwaki.

Ukiwa bado hujaweka Windows, kwenye orodha ya kuwashia utaona kitu kinaitwa "PATA SS" au PATA tu. Hiyo ndiyo NVMe yako, draiva imeingia. Chomoa diski nyingine zote, tengeneza flashi ya Windows 10 kwa GPT na UEFI, weka Windows, na ukimaliza jina litabadilika kuwa Windows Boot Manager, hilo ndo uliweke la kwanza. Windows 7 haina draiva ya NVMe kwa hiyo usianze nayo. Diski za zamani rudisha baada ya mashine kuwaka yenyewe mara mbili tatu, na ikitokea skrini nyeusi moja kwa moja hata baada ya clear CMOS, chipu kwenye programa, nakala1.bin, andika, bodi inarudi ilivyokuwa asubuhi.