Mradi wa uchunguzi na wanafunzi kwa simu moja tu: mvua, paa na tenki la shule

Walimu wenzangu, habari za kazi. Hapa naelezea ninavyoendesha mradi wa uchunguzi na kidato cha kwanza kwenye Jiografia. Shule yetu ni ya kata huku Tanga, darasa lina watoto 60 na ushee, kompyuta hatuna, wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu, kwa hiyo simu ni moja tu, ya kwangu, Android ya kawaida, na inatosha kabisa.

Hatua ya 1: swali kwanza, app baadae

Wengi wetu tunakwama hapa, tunadownload app alafu ndo tunaanza kuitafutia kazi. Anza na swali, litoke kwa watoto wenyewe, na liwe swali ambalo hata wewe mwalimu jibu lake huna. Ukiwauliza mvua inapimwa kwa kifaa gani, hilo lipo kitabuni, watakariri watakuandikia basi. Mimi niliwatoa nje nikasema kila mtu aandike swali moja kuhusu maji ya shule, maana wao ndo wanabeba ndoo kila asubuhi. Tukayagawa: yanayojibiwa na kitabu, yanayojibika kwa kupima, na yale ya kwenda kumuuliza mkuu wa shule. Likapita hili: paa la darasa letu likikinga mvua ya masika, simtanki la lita 5000 litajaa mara ngapi? Kabla hujapima chochote kila kikundi kiandike makisio yake na sababu. Naipa hatua hii vipindi viwili vizima na sijutii, mtoto akishaweka makisio yake kwenye daftari hutomsukuma tena, atataka mwenyewe kujua kama kapatia.

Hatua ya 2: kipimo cha mvua

Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka, kata juu, kile kipande cha mdomo kigeuze kiwe faneli. Weka kokoto chini isipeperushwe, mimina maji mpaka pale ubavu unapoanza kunyooka, hapo ndo sifuri, bandika rula. Iweke uwanjani mbali na miti na paa. Wasome kila siku saa 3 asubuhi, ndo saa wanayosoma vituo vya hali ya hewa, wakishasoma wanarudisha maji kwenye sifuri. Jumamosi na Jumapili wape wanaokaa jirani na shule.

Hatua ya 3: fomu kwenye simu

Natumia KoboToolbox, mfumo wa kukusanya data kwa fomu za simu, ni ya bure kwa kazi ndogo kama yetu na inafanya kazi bila mtandao. Fungua akaunti kwenye tovuti yao, tengeneza fomu yenye maswali manne tu: tarehe, namba ya kikundi, milimita, na picha ya kipimo. Usiweke majina ya watoto, namba ya kikundi inatosha, na picha iwe ya chupa tu sio sura ya mtu. Swali la milimita liwe la namba yenye desimali, ulifanye la lazima, na uweke ukomo kuanzia 0 mpaka 200, hapo mtoto akisahau nukta ya 12.5 akaandika 125 bado itapita lakini 1250 itakataa, kwa hiyo picha ndo inakuokoa unapokagua. Ukimaliza bonyeza Deploy, kwenye simu weka app ya KoboCollect, iunganishe na akaunti yako, vuta fomu. Wanajaza bila bando, jioni ukipata mtandao unatuma zote kwa pamoja. Picha zipunguze ukubwa kwenye settings, maana ndo zinazokula MB.

Hatua ya 4: sifuri sio sawa na kutopima

Hii ilitugharimu wiki mbili. Siku isiyonyesha watoto walikuwa hawajazi kitu, na siku waliyosahau pia hawajazi kitu, mwisho wa mwezi hakuna anayejua ipi ni ipi na wastani ukawa hauna maana. Sasa sheria ni kwamba kila siku fomu inajazwa, haijanyesha andika 0, isipokuwa kama mlisahau, hapo msibuni namba, siku hiyo msijaze fomu, acheni pengo na muandike sababu daftarini. Na mtoto aliyekiri kasahau nampongeza mbele ya wenzake, kwa sababu nikimkaripia, kesho atabuni.

Hatua ya 5: hesabu

Pakua data, fungua kwenye Google Sheets. Milimita 1 ya mvua ikidondoka kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, acha wagundue wenyewe kwa kuchora, usiwaambie. Eneo la paa pima chini kwenye ardhi linapofunika, usipime ule mteremko wa bati. La kwetu ni mita 20 kwa 8, yaani 160. Tukakubaliana kutoa asilimia 20 ya maji yanayopotea, kwa hiyo fomula ni =C2*160*0.8 (C ni safu yenye milimita, kama kwako ni nyingine badilisha herufi), iburute mpaka chini, jumlisha, gawa kwa 5000. Ukipiga hivyo, milimita 39 tu zinajaza tenki zima, darasa lilipiga kelele!

Hatua ya 6: kagua hesabu kwa tenki lenyewe

Usiishie kwenye grafu. Funga kwenye koki ya tenki mpira unaoonyesha maji ndani, ule wa levo wa mafundi ujenzi, unyanyue juu, maji yatasimama usawa ule ule wa ndani ya tenki na hakuna mtoto atakayepanda popote. Tenki letu lina kipenyo cha mita 1.8, kila sentimita ni kama lita 25. Siku ilipopiga milimita 14 hesabu ilisema lita 1792, mpira ukaonyesha maji yamepanda sentimita 36, yaani lita 900 hivi. Nusu nzima haipo! Sikuwapa jibu, nikawaambia mvua ijayo kila kikundi kisimame kwenye kipande chake cha mfereji wa bati na ndoo. Sasa hivi fomu ya Kobo imeongezwa swali la tano: lita zilizovuja kila kiungo, na mkuu wa shule ameshaahidi kumwita fundi wakimletea namba.