Paka wa mtaani Lamu: kumtoa dakani (kibaraza cha mlangoni) hadi kiwandani (ua wa ndani ya nyumba)

Huku Mji wa Kale paka hatafutwi. Keti barazani na kipande cha kibua, watakuja wenyewe. Kazi ni kumfanya mmoja awe wa nyumbani bila kumtisha.

1. Mchague. Usiangalie rangi. Angalia macho: utando mweupe ukionekana pembeni mwa jicho, upande wa puani, huyo mgonjwa. Ukiona ncha ya sikio moja imekatwa ikanyooka, aghalabu amekwisha kufungwa kizazi, gharama moja imekuondokea. Kipaka mwache kwa mamake mpaka atimize wiki 8.

2. Msogeze kwa sahani. Hapa ndipo wengi hukosa subira. Mlishe mahali pamoja, saa zile zile. Mimi napenda baada ya alfajiri, punda wa mizigo hawajaanza kupita. Weka sahani dakani, ujitenge. Akila bila kukutazama, isogeze tekani, ukumbi wa kuingilia, kisha kiwandani. Usimbebe wala usimfungie mlango. Akijua njia ya kutoka iko wazi, atarudi. Siku atakapokusugulia kichwa mguuni, mguse shavu, si tumbo.

Akikuzoea, funua mdomo wake kidogo. Ufizi uwe wa waridi. Ukiwa mweupe, huenda viroboto au minyoo imemnyonya damu, na usichelewe kumpeleka kwa daktari.

3. Daktari wa mifugo. Mtie ndani ya foronya, kichwa nje, umweke kikapuni; kwenye vichochoro vyetu ni rahisi kuliko sanduku. Omba dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hutolewa kuanzia miezi 3. Ndiyo, paka naye hupata kichaa. Akikuuma au kukuparura kabla hajachanjwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Dume ahasiwe, jike afungwe kizazi. Jike aweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, na mimba ni kama wiki 9. Piga hesabu uone dari lako litajaa lini.

4. Chakula. Mabaki ya samaki wa kupaka usimpe: kitunguu na thomu (kitunguu saumu) huharibu damu yake. Chemsha samaki bila chumvi, toa miiba, changanya na maini kidogo au nyama ya kuku. Samaki mbichi kila siku humpunguzia vitamini B1. Maziwa ya ng'ombe humharisha, maji yanamtosha. Akinywa kwenye chombo chako cha udhu usimfukuze, hadithi ya Mtume yasema paka si najisi.

5. Choo. Karai la mchanga, mbali na sahani. Mjamzito asilizoe yeye; kinyesi cha paka huweza kubeba vimelea vinavyodhuru mimba.

6. Sumu. Panadol usimpe hata robo, inaua. Dawa ya viroboto ya mbwa vilevile, yenye permethrini. Na wapitie majirani uwaambie paka huyu ni wenu, wakuarifu wakitega sumu ya panya. Ukimwona amelegea, au anatoka damu puani, mkimbize kwa daktari na pakiti ya sumu mkononi, ajue ni ipi.