Kuandaa albamu ya kumuenzi Ronnie James Dio

Anza na orodha ya nyimbo, bendi zifuate. Ukiziacha bendi zijichagulie, kila moja itaung'ang'ania Holy Diver, wimbo wake maarufu. Dio alikuwa mwimbaji wa hevi metali, kwa hiyo gawa nyimbo kwa bendi alizoimbia: Rainbow, Black Sabbath, kisha Dio, bendi yake mwenyewe. This Is Your Life, albamu ya kumuenzi iliyotoka 2014, miaka minne baada ya saratani ya tumbo kumuua, ina nyimbo 14 zilizochotwa kote huko. Humo Metallica waliunga vipande vya nyimbo nne za Rainbow vikawa wimbo mmoja wa dakika tisa hivi.

Mgawanyo huo unaongeza kazi ya leseni, yaani ruhusa za kutumia nyimbo. Nyimbo za Rainbow alizitunga na mpiga gitaa Ritchie Blackmore, za Sabbath na mpiga gitaa Tony Iommi na wenzake, kwa hiyo wenye haki si walewale. Sheria ya Marekani inakuruhusu kurudia wimbo uliokwisha kutolewa, mradi upeleke taarifa kabla ya kusambaza na ulipe kwa kila nakala. Kiwango cha 2023 kilikuwa senti 12 kwa wimbo usiozidi dakika 5. Ukizidi, ilikuwa senti 2.31 kwa kila dakika au sehemu ya dakika. Stargazer, wimbo wa Rainbow, kwa urefu wake wa asili wa dakika 8 na sekunde 26, inahesabiwa dakika 9: kwa kiwango hicho, senti 20.79. Kwa CD 500 hizo ni dola 103.95, wimbo mmoja tu huo. Kuimba kwa Kiswahili ni suala jingine kabisa: tafsiri inahitaji ruhusa ya maandishi. Picha ya Dio, nembo na video navyo huombwa kando.

Sauti ndiyo huangusha albamu za namna hii. Dio alipiga tarumbeta tangu utotoni, na mwenyewe alisema pumzi zake zilitoka huko. Mwimbaji anayemwiga ule mkwaruzo bila pumzi hukauka koo mapema. Aimbe kwa sauti yake, na mweke alama za kuvuta pumzi kwenye karatasi ya mashairi. Mjaribuni hivi: aimbe wimbo mzima mara mbili mfululizo, kisha kibwagizo cha mwisho. Sauti ikipasuka, shusheni kii (kimo cha sauti cha wimbo mzima) nusu toni kabla gitaa halijarekodiwa. Kuishusha baadaye kwa kompyuta hulifanya gitaa lisikike kama limefunikwa blanketi. Mkishusha toni nzima, toeni nyuzi za gitaa za 10–46 mfunge zilizo nene zaidi, 11–52. Nyuzi zikilegea, noti hupanda kila mpigaji akikandamiza.

Maiki ya dainamiki ikae sentimita 10 hadi 15 kutoka mdomoni. Geini (kiwango cha kukuza sauti) ipangwe kwa ukelele mkubwa kuliko yote, kilele kiishie -10 dB. Waimbaji hujaribu kwa upole halafu wakafoka taa nyekundu ya kurekodi ikiwaka, na sauti iliyokwisha kukatika kwa kuzidi kipimo haitengenezeki vizuri.

Kila bendi ilete faili la sauti la WAV la biti 24, 48 kHz, kilele -6 dB, bila masta (usawazishaji wa mwisho wa sauti). Fundi mmoja afanye masta ya zote, la sivyo msikilizaji atakuwa anahangaika na kitufe cha sauti kila wimbo ukibadilika.

Bendi ikichelewa, ombeni rekodi yake ya zamani. Holy Diver ya bendi ya Killswitch Engage iliyomo kwenye This Is Your Life ilikuwa imeshatoka tangu 2006. Hapo mtahitaji pia ruhusa ya mwenye rekodi, mbali na ile ya mwenye utunzi.