Umefungiwa leseni kwa ulevi? Usiguse usukani

Zilikuwa zimebaki siku 9 tu nirudishiwe leseni, nikaendesha gari kumfuata mama hospitali. Askari akanisimamisha. Sikuwa nimeonja pombe, lakini kuendesha ukiwa umefungiwa leseni ni kosa jipya, mbali na lile la ulevi. Katika nchi nyingi laweza kukuletea faini, kifungo, na kufungiwa muda mrefu zaidi. Gari laweza kuzuiliwa, na bima ikakataa kulipa ukigonga mtu. Hilo la bima ndilo linaloniumiza nikilifikiria.

Soma amri ya mahakama mstari kwa mstari. Funguo mpe mtu mwingine azitunze. Tarehe ikifika, subiri kwanza: sehemu nyingi leseni hairudi yenyewe, unaiomba na kuilipia. Pata uthibitisho wa maandishi. Ukishakamatwa, tafuta wakili kabla ya kujibu mashtaka.