Kupima densiti ya kito kwa mizani na bilauri ya maji

Densiti ya kitu ni tungamo lake likigawanywa kwa ujazo wake. Wengi huikariri kanuni hii shuleni bila tabu, na ugumu huanza pale mtu anaposhika kijiwe cha buluu kutoka Mirerani, kwenye machimbo ya tanzanaiti kaskazini mwa Tanzania, chenye pembe zisizolingana, akatakiwa kusema kina sentimita ngapi za ujazo. Mwongozo huu ni kwa ajili ya wanunuzi na wauzaji wadogo wa vito wanaohitaji kutofautisha tanzanaiti na vitu vingine vya buluu bila kukikwaruza kito wala kukivunja.

Densiti hutegemea kitu kimeundwa na nini na jinsi chembe zake zilivyopangwa, wala haibadiliki kwa ukubwa au umbo. Kipande cha tanzanaiti cha karati mbili (karati moja ni gramu 0.2) na kingine cha karati mia moja vina densiti ile ile, takriban gramu 3.35 kwa kila sentimita ya ujazo. Yakuti samawi ina 4.00, spineli ya kutengenezwa ina 3.64, na fosteraiti ya kutengenezwa, ambayo imewahi kuuzwa kama tanzanaiti, ina karibu 3.2. Kioo cha dirishani ni chepesi zaidi, takriban 2.5.

Tayarisha mizani ya dijitali inayosoma hadi gramu 0.01, kama ile wanayotumia masonara, pamoja na bilauri, uzi mwembamba wa nailoni, na rula iliyolazwa juu ya mafungu mawili ya vitabu pande zote mbili za mizani. Uzi utaning'inia kutoka kwenye rula, na rula isiguse mizani wala bilauri. Maji yachemshwe kisha yaachwe yapoe hadi joto la chumbani, kwa sababu kuchemsha huondoa hewa iliyoyeyuka ambayo baadaye ingeganda kwenye kito kama viputo.

Hatua ya kwanza ni kukisafisha kito, kukikausha kabisa na kukipima kikiwa hewani. Ikiwa mizani yako inasoma kwa karati, zidisha kwa 0.2 upate gramu. Andika namba hiyo papo hapo.

Hatua ya pili ndiyo yenye kazi. Weka bilauri yenye maji juu ya mizani, tumbukiza ncha ya uzi peke yake kwa kina utakachotumia, kisha rudisha mizani kwenye sifuri. Sasa funga kito kwenye uzi na ukishushe hadi kizame chote bila kugusa chini wala ubavu wa bilauri. Utaona mizani inapanda ingawa kito kinabebwa na uzi. Maji hukisukuma kito kwenda juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyahamisha, kama alivyoeleza Arkimedi wa Sirakusa katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na kito nacho huyasukuma maji kwenda chini kwa nguvu hiyo hiyo. Kwa kuwa gramu moja ya maji huchukua karibu sentimita moja ya ujazo, namba inayosomeka kwenye mizani ndiyo ujazo wa kito. Maji ya nyuzi 25 yana densiti ya 0.997, tofauti ndogo mno kukusumbua katika kiwango hiki cha usahihi.

Kabla ya kusoma namba, inama utazame kito kwa ubavu wa bilauri. Kiputo kimoja kilichojibana chini ya ukingo huongeza ujazo wa uongo, na densiti hushuka. Kiondoe kwa brashi laini, au kabla ya kurudisha mizani kwenye sifuri weka tone moja la sabuni ya maji ili maji yashike kito vizuri.

Hatua ya tatu ni hesabu. Tuseme kito kina gramu 2.68 hewani, na mizani imeonyesha 0.80 kikiwa majini. Gawanya 2.68 kwa 0.80, upate gramu 3.35 kwa sentimita ya ujazo, yaani kilo 3,350 kwa mita ya ujazo. Usiishie hapo. Chukulia kwamba usomaji wa majini unaweza kukosea kwa 0.01 kila upande, urudie hesabu kwa 0.79 na 0.81. Utapata 3.39 na 3.31. Yakuti, spineli na fosteraiti zote ziko nje ya mipaka hiyo.

Rudia zoezi hilo kwa kito cha karati mbili, yaani gramu 0.40. Majini kitasoma 0.12, na kosa lile lile dogo linakupeleka kutoka 3.08 hadi 3.64. Katika nafasi hiyo fosteraiti inaingia, na spineli inagusa ukingo. Ninawasihi wanunuzi wasitoe hukumu juu ya kito kidogo kwa mizani ya namna hii. Watafute inayosoma hadi gramu 0.001.

Vilevile, jaribu kwanza mpangilio wako kwa gololi ya chuma ya beringi, ambayo inapaswa kukupa karibu 7.8. Isipokupa, rekebisha uzi na viputo kabla ya kugusa kito cha mtu.

Kwa jiwe ghafi, angalia kama bado limeshikamana na mwamba. Kule Mirerani tanzanaiti hupatikana pamoja na madini ya kinywe (grafiti), yenye densiti ya karibu 2.2, na yakibaki kwenye nyufa jiwe halali litasoma chini ya kiwango chake.

Kumbuka pia kwamba kioo kinaweza kutengenezwa kwa densiti nyingi, hata kufikia 3.35. Kwa hiyo namba isiyolingana inatosha kukikataa kito, lakini inayolingana inadai kipimo kingine. Kizungushe kito kwenye mwanga ukikitazama kutoka pande tofauti: tanzanaiti hubadilika kati ya buluu na zambarau, ilhali kioo hubaki na rangi moja kila upande.