Kuwapeleka watoto wadogo Hifadhi ya Bahari ya Malindi: anza kwa kuhesabu mwezi

Juzi mdogo wangu alinipigia simu kutoka Nakuru. Anakuja likizo ya Desemba na wanawe watatu, wa miaka 2, 4 na 6, na anataka waone samaki na matumbawe bila taabu tuliyoipata mara ya kwanza. Tulizungumza karibu saa nzima. Nilipokata simu nikaona bora niyaandike, kwa sababu aliyoniuliza ndiyo anayoyauliza kila mgeni anayefikia kwangu hapa mtaa wa Shella, Malindi.

Taabu ya mara ya kwanza niliisababisha mimi. Nimezaliwa Malindi, lakini marehemu baba alikuwa fundi cherehani, na habari za bahari nyumbani kwetu ziliishia kwenye bei ya samaki. Nilidhani maji yakiwa mengi ndiyo safari nzuri ya boti. Nikawapeleka watoto saa 9 alasiri, siku mbili baada ya mwezi mpevu, upepo wa kaskazi umeshika. Boti ilipanda na kushuka, chini ya kioo cha sakafu ya boti tukaona kiza cha buluu tu, na mdogo kabisa akanitapikia mapajani. Tulirudi Magharibi watoto wanalia, na wa miaka 4 akakataa kusogelea boti kwa miaka miwili. Bado naumia nikikumbuka, maana yote yalikuwa ni kosa la saa.

Hatua ya 1: Chagua majira

Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1968 pamoja na ya Watamu. Iko Casuarina, kusini mwa mji. Kaskazini mwa mji kuna Mto Sabaki, na huo ndio wa kuuchunga. Mvua ikinyesha bara, Sabaki hushuka na tope jekundu mpaka baharini. Wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba mpaka Machi, mkondo hulisukuma tope hilo upande wetu. Wakati wa kusi huenda kaskazini, Mambrui na Ngomeni, lakini kusi lenyewe huchafua bahari kwa mawimbi, hasa Mei mpaka Agosti. Kwa hiyo likizo ya Agosti siipendekezi kwa mtoto aliye chini ya miaka 6, hata kama ndiyo likizo uliyonayo.

Majira bora ni Januari mpaka katikati ya Machi: mvua za bara zimekatika na bahari imetulia. Desemba hutegemea vuli ilikuwaje. Simama ufukweni mjini siku moja kabla. Ukiona maji yana rangi ya chai ya maziwa, usilipe chochote. Peleka watoto Watamu, ambako tope la Sabaki ni nadra kufika.

Hatua ya 2: Chagua siku kwa mwezi wa angani

Hapa nitakaa sana, maana hapa ndipo siku yako inapopona au kuharibika.

Siku niliyorudi na watoto wanalia, jirani yetu mmoja, mzee aliyevua maisha yake yote, alikuwa amekaa barazani. Nikamwamkia, akaniuliza kulikoni. Nilipomweleza akasema, "Mwanangu, maji yakijaa utaona nini? Samaki wako chini huko, na wewe uko juu. Ungeniuliza leo mwezi una siku ngapi." Akanifundisha hesabu ambayo wavuvi wote wa pwani wanayo kichwani.

Kwa siku moja maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Kila siku saa zake husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, tunaingia bamvua: maji hujaa sana na hutoka sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, yaani tarehe 7 na 8 za mwezi mwandamo, kisha 22 na 23, ni maji mafu: hayajai sana wala hayatoki sana.

Sasa shika hili, ndilo lililonifungua macho. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa asubuhi, kuanzia saa 4 mpaka karibu na saa 6, na hujaa saa 10 alasiri au zaidi kidogo. Siku za maji mafu huwa kinyume: saa 4 asubuhi yamejaa, saa 10 alasiri yamepwa. Na matumbawe huonekana vizuri maji yakiwa yamepwa, kwa sababu mwamba wa nje huvunja mawimbi, ndani maji hutulia, na samaki wanakuwa karibu na kioo. Ukiunganisha mambo hayo mawili unapata zawadi kwa mwenye watoto wadogo: siku zinazokaribia bamvua, bahari iko tayari asubuhi, saa ileile ambayo mtoto ameamka vizuri, hajachoka, na upepo bado mdogo.

Mimi nachagua tarehe 13 au 14 ya mwezi, au 28 na 29. Tarehe 13 maji hupwa kwenye saa 3 na kidogo, tarehe 14 saa 4. Ondoka ufukweni saa moja na nusu kabla ya maji kufika mwisho wa kupwa, ili urudi yanapoanza tu kugeuka.

Kuna mambo ya kuangalia:

Usiende siku ya bamvua kali kabisa. Bamvua hukolea siku moja au mbili baada ya mwezi kutimia, tarehe 15 na 16 kwa kawaida. Siku hizo maji hutoka mpaka boti haiwezi kusogea karibu na mchanga. Utatembea mbali juu ya majani ya bahari na mawe, mtoto mmoja kiunoni, mwingine umemshika mkono, na humo mna vile vidude vyeusi vya miiba mirefu. Mwiba wake ukivunjikia kwenye unyayo wa mtoto, safari imekwisha.

Tarehe ninazotaja ni za mwezi mwandamo, zile za kalenda ya Kiislamu. Kuna mwaka misikiti miwili ya mtaa mmoja hutofautiana siku moja, kwa hiyo usitegemee kalenda ya ukutani peke yake. Toka nje usiku uutazame mwezi wenyewe, kisha hakikisha kwa jedwali la maji.

Jedwali lipo kwenye simu, na Mamlaka ya Bandari hutoa lake la Kilindini, bandari ya Mombasa. La Kilindini linafaa Malindi, tofauti ni dakika chache. Soma kwa makini: 10:00 ya jedwali ni saa 4 yetu, na kila siku ina kupwa mbili, moja ya mchana na moja ya usiku. Mdogo wangu aliwahi kuisoma ya usiku. Kisha tazama kimo. Maji yakipwa yakasimama kati ya mita 0.6 na 1, naenda. Yakishuka chini ya 0.3, naiacha siku hiyo.

Na kama likizo yako yote imeangukia maji mafu? Nenda kwenye magofu ya Gede kwanza, usubiri bahari. Maji husogea kila siku, na siku nne au tano hubadilisha kila kitu.

Hatua ya 3: Lipa

Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, si fedha taslimu. Lipa nyumbani usiku, simu ikiwa na chaji, na ubebe kitambulisho chako ili utozwe kiwango cha raia. Malipo ya boti ni mbali na kiingilio.

Hatua ya 4: Chagua boti na nahodha

Mwone nahodha siku moja kabla, usikutane naye asubuhi ileile watoto wakikuvuta nguo. Muulize kama bei ni ya boti nzima au ya kichwa. Mimi hukodi boti ndogo nzima, na kama ni ghali natafuta familia nyingine yenye watoto wa umri huo tuchangie. Ukijiunga na kundi la watu wazima wanaotaka kuogelea, mtoto akichoka baada ya dakika 40 huna namna ya kurudi. Utakaa kwenye jua mpaka wa mwisho apande. Nahodha wengi huzoea safari ya saa mbili. Kwa mtoto wa miaka 2 mpaka 4, saa moja inatosha, na mkubaliane hivyo kabla.

Kagua vitu vitatu: turubai la kivuli, kioo, na majaketi ya kuokolea. Kioo kikiwa na ukungu wa kijani au mikwaruzo mingi, tafuta boti nyingine, maana kwa mtoto asiyeweza kupiga mbizi kioo ndicho bahari yote.

Jaketi la mtoto liwe la mtoto. Mvishe, funga, kisha shika mabegani uvute juu. Likipanda mpaka masikioni ni kubwa mno, na ndani ya maji litamtoka. Kwa mdogo kabisa natafuta lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Likikosekana kwenye boti, mtoto huyo abaki ufukweni na mtu mzima. Katika hili sibembelezwi.

Na akina mama wenzangu, nawaomba: msimfunge mtoto mgongoni kwa leso mkiwa botini. Najua ndivyo tulivyozoea, na mikono inabaki huru. Lakini ukianguka majini na mtoto amefungwa kwako, jaketi lake halitamwinua, na fundo lililolowa halifunguki kwa haraka. Mpakate, jaketi likiwa mwilini mwake.

Hatua ya 5: Tumbo na mkoba

Mahamri asubuhi hiyo yaache. Mafuta na mawimbi havipatani. Wape ndizi au kiazi kitamu na chai nyepesi ya tangawizi, saa moja kabla ya kupanda. Botini beba maji na biskuti kavu.

Viatu viwe vya mpira vya kufunga, ndala hubaki matopeni. Nguo za mikono mirefu na kofia ya kufunga kidevuni ni bora kuliko kupaka dawa ya jua kila mara kwa mtoto anayelowa. Taulo, kanga mbili, mfuko wa kitambaa wa nguo mbichi. Basi.

Hatua ya 6: Asubuhi yenyewe

Tuktuk ya kutoka mjini iagize usiku.

Mkiwa nyumbani, mpe kila mtoto kiumbe chake cha kutafuta. Mmoja atafute pono, yule mwenye mdomo kama wa kasuku, mwingine samaki kikande, mwingine kiti cha pweza, yule mwenye umbo la nyota. Mtoto mwenye kitu cha kutafuta hukaa kimya juu ya kioo, na huinua uso kwa furaha ambayo hutaisahau. Binti wa mdogo wangu alipomwona pono wake anamega jiwe, nikamwambia kwamba mchanga mweupe anaouchezea hutoka pia kwa samaki huyo, anayesaga matumbawe na kuyatoa yakiwa unga. Mpaka leo anamwambia kila mtu.

Mkate wa kulisha samaki usichukue, hata ukiuzwa ufukweni na hata kama wa boti ya jirani wanarusha. Wengi wa samaki hawa kazi yao ni kula mwani unaosonga matumbawe. Ukiwashibisha mkate unawatoa kazini. Makombe na vipande vya matumbawe havichukuliwi pia, ni sheria ya hifadhi. Pekua mifuko ya watoto kabla ya kuondoka, na mweleze mwenye kulia kwamba kombe tupu ni nyumba ya kaa wa kesho.

Mtoto akipauka na kunyamaza ghafla, usimwache atazame kioo. Mwelekeze atazame nchi kavu mbali, mpe hewa, na mwambie nahodha ageuze boti.

Hatua ya 7: Baada ya hapo

Dafu, maji ya bomba ya kuogea, chakula, usingizi. Siku hiyo usiongeze kitu kingine. Wageni hutaka kuunganisha na Gede alasiri kwa sababu ziko njia moja, na kila mara nimeona watoto wakiburutwa kwenye magofu wakiwa wamefunga macho.

Gede ipe asubuhi yake. Ni mji wa Waswahili wenzetu, uliohamwa karne ya 17, na tangu 2024 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Waonyeshe watoto kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na mwenye miaka 6 ahesabu miaka mingapi imepita. Chakula kibaki kwenye gari, kwa sababu kima wa pale hunyang'anya mkononi. Kwa vipepeo vya mradi wa Kipepeo, palepale langoni, ngojeni jua likolee saa 4, vikipata joto ndipo huruka. Na humo ndani ya magofu mshike mdogo mkono wakati wote, maana visima vya Gede ni virefu, na vingine mdomo wake uko chini karibu na usawa wa ardhi.